Muziki wa Watu Wazima na Hofu ya Kuzimwa Redio

Tarehe 17 Julai 1961 jarida la Billboard la Marekani lilichapisha chati mpya iliyoitwa Easy Listening. Jinsi chati hiyo ilivyoandaliwa inatueleza mengi kuliko jina lake. Wahariri walichukua chati yao kuu ya nyimbo 100, wakaondoa rock and roll, na zilizobaki wakazipanga upya kwa mfuatano uleule. Hakuna aliyekuwa akitafuta aina mpya ya muziki. Vilikuwepo vituo vya redio ambavyo wasikilizaji wake, watu wazima wenye kazi na familia, walikuwa wepesi kuhama mara gitaa la umeme linapoanza kunguruma, na vituo hivyo vilitaka orodha isiyomkera mtu. Muziki unaoitwa leo adult contemporary, yaani muziki wa kisasa wa watu wazima, ulianza hivyo: kwa kuchujwa.

Tangu hapo, hofu ya msikilizaji kuzima redio ndiyo iliyouchonga muziki huu. Imeamua kasi yake, urefu wa utangulizi wake, sauti ya mwimbaji, hata kodi za kinanda, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Nashikilia kwamba hofu hiyo ilizaa ufundi wa hali ya juu, na kwamba nyimbo zilizodumu ni zile ambazo, baada ya kufuata masharti yote, zilithubutu kuvunja moja.

Mfano wa kwanza ulikuja mapema. Mwanzoni mwa 1962 aliyeongoza chati ile alikuwa Elvis Presley, mtu yuleyule ambaye vituo hivyo vilikuwa vikimkimbia, kwa wimbo wake wa taratibu “Can't Help Falling in Love”. Kumbe tatizo halikuwa mwimbaji wala hata mtindo wake, lilikuwa ni sauti inayotoka kwenye spika saa hiyo. Chati ilibadilishwa jina mara kadhaa, mwaka 1965 ikaacha kuwa kivuli cha chati kuu, ikaanza kuhesabiwa kivyake, na Aprili 1979 ikapewa jina la Adult Contemporary. Kabla ya hapo, mwaka 1970, “Let It Be” ya The Beatles ilikuwa imeshaiongoza. Vijana waliopigia kelele bendi hiyo miaka sita nyuma walikuwa wameanza kulea watoto.

Hapo ndipo wengi wanapokosea wanapouzungumzia muziki huu kama vile ni mtindo, kama vile jazi au rege. Ni dirisha linalotembea. Umri wa msikilizaji anayelengwa unabaki palepale, ila mtu aliye ndani ya umri huo anabadilika kila baada ya miaka kadhaa, naye anaingia na nyimbo zake za ujanani. Wanasaikolojia wa kumbukumbu wameonyesha kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo yaliyowapata kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao, na muziki wa kipindi hicho hukaa nao kuliko wowote mwingine. Ndiyo maana kilichokuwa kelele kwa wazazi huja kuwa zilipendwa kwa watoto wao, bila hata noti moja kubadilishwa.

Ndani ya kituo cha redio, hofu hii ina taratibu zake. Kwa miaka mingi njia ya kupima nyimbo za zamani ilikuwa kuwakusanya ukumbini watu kama 100 wa rika linalolengwa, aghalabu wanawake wa miaka 25 hadi 54 kwa kuwa ndio wafanyabiashara waliokuwa wakiwalipia matangazo, kisha kuwapigia mamia ya vionjo vya sekunde 7 hadi 10. Kionjo ni kile kipande kinachotambulika haraka, kwa kawaida mstari wa kwanza wa kiitikio. Msikilizaji anatoa alama: anaupenda wimbo, anauchukia, haujui, au umemchosha. Kwenye matokeo, mpanga nyimbo anatazama kwanza wanaouchukia. Tuseme wimbo mmoja unapendwa sana na watu 40 lakini 25 hawautaki kabisa, na mwingine unakubalika kwa watu 70, bila shauku, huku watu 5 tu wakiukataa. Wa pili ndio unaoingia hewani.

Kipimo hiki kina kasoro mbili za wazi. Wimbo mpya hauwezi kufaulu, kwa sababu hakuna anayeujua, ndiyo maana vituo vya aina hii huupokea wimbo miezi kadhaa baada ya kuvuma kwingineko. Na wimbo unaopanda polepole unaonewa, kwani sekunde 8 za kiitikio bila dakika mbili zilizokitangulia ni kama kuonja chumvi peke yake ukaambiwa utoe maoni juu ya mchuzi.

Zilizofaulu hupangwa kwa saa. Saa moja hubeba nyimbo 12 hadi 14, kila wimbo ukiwa umewekewa alama kwenye kompyuta: kasi, uzito wa ala, mwaka, jinsia ya mwimbaji. Nyimbo mbili za taratibu hazifuatani. Baada ya matangazo ya biashara huwekwa wimbo unaojulikana mno, ambao sauti ya mwimbaji inaingia mapema, maana hapo ndipo watu wengi wanapohama. Kuna hesabu moja ndogo inayowaumbua wapangaji wageni. Ukiwa na nyimbo 6 zinazovuma, na kila saa ukapiga mmoja, kila wimbo utarudi baada ya saa 6. Kwa kuwa 24 inagawanyika kwa 6, wimbo huo utasikika saa zilezile kila siku, na mtu anayefungua redio akiwa njiani kwenda kazini atausikia leo, kesho na keshokutwa palepale, aape kwamba kituo kina wimbo mmoja. Weka nyimbo 7, ambazo haziigawanyi 24, nao siku inayofuata utasikika mapema kwa saa tatu au kuchelewa kwa saa nne. Wimbo mmoja tu wa ziada, na msikilizaji anabaki.

Tuje kwenye sauti yenyewe, ambako ndiko utajiri ulipo.

Msingi wa muziki huu ni maikrofoni. Kabla yake mwimbaji alilazimika kuujaza ukumbi kwa mapafu. Bing Crosby na wenzake wa miaka ya 1930 walionyesha kwamba mtu anaweza kuimba kama anayemnong'oneza mmoja tu. Maikrofoni inayosikia upande mmoja ina tabia ya kuongeza uzito wa chini mwimbaji anapoisogelea kwa sentimita chache, na uzito huo sikio linautafsiri kama ukaribu wa mwili. Ila ukaribu una gharama zake: herufi p na b hupasuka, s hutoa mlio wa nyoka, na pumzi husikika kama upepo. Ndiyo maana huwekwa kitambaa chepesi mbele ya maikrofoni, na mwimbaji huelekeza mdomo pembeni kidogo ya kitovu chake. Kisha inafuata kompresa, mashine inayoshusha sehemu zenye nguvu. Ikiwekwa kwenye tatu kwa moja, kila desibeli 3 zinazovuka kiwango hutoka 1 tu. Kwa kiasi hiki mnong'ono na mpaazo wa sauti vinaweza kukaa ndani ya wimbo mmoja bila mtu kugusa kitufe cha sauti. Ukizidisha, pumzi zinakuwa na nguvu sawa na maneno, na kiitikio hakikui tena kwa sababu ubeti ulishafika juu.

Hakuna aliyeitumia nafasi hii vizuri kama Karen Carpenter. Wakati waimbaji wengi wa kike walikuwa wakipaa juu, yeye alishuka kwenye sauti yake nzito ya chini, karibu kabisa na maikrofoni, na kaka yake Richard akamzungushia sauti zao wenyewe zilizorekodiwa tabaka juu ya tabaka. “(They Long to Be) Close to You”, kazi ya Burt Bacharach na Hal David, iliongoza chati kuu kwa wiki 4 mwaka 1970, na ile ya watu wazima kwa wiki 6. Kwa jumla The Carpenters waliiongoza chati hii ya pili mara 15.

Lakini wimbo wao ninaouona mkubwa kuliko yote ni “Goodbye to Love” wa 1972. Unaanza kama walivyotarajia wote: piano, sauti ya Karen, mistari mirefu ambayo haimpi hata pa kuvuta pumzi. Kisha linaingia gitaa la Tony Peluso, la umeme, lenye mkwaruzo mzito, sauti ileile iliyochujwa mwaka 1961. Richard alimwomba apige kwanza melodia kwa muda mfupi, halafu apae zake. Gitaa linarudi mwishoni na kuubeba wimbo mpaka unapofifia, huku waitikiaji wakipanda nyuma yake. Baadhi ya vituo viliukataa, na mashabiki waliandika barua za hasira. Sikiliza ulipowekwa ule mkwaruzo, utaona kwa nini ulistahili kuwepo: maneno ya wimbo ni ya mtu anayekata tamaa ya kupendwa kwa utulivu wa kutisha, na gitaa ndilo linalolia kwa niaba yake. Miaka kumi baadaye kila bendi ya rock ilikuwa na wimbo wa taratibu wenye gitaa linalolia namna hiyo.

Waingereza wa bendi ya 10cc walifanya jambo jingine la ajabu mwaka 1975 katika studio yao ya Strawberry, Stockport. Kwa ajili ya “I'm Not in Love” waliimba noti moja moja, watu watatu, mara nyingi juu ya mara nyingi, mpaka wakapata zaidi ya sauti 600 kwenye mikanda iliyounganishwa ncha kwa ncha ili izunguke bila kukoma. Vishikio vya meza ya kuchanganyia sauti vikawa ndiyo kinanda: ukipandisha kimoja, kwaya nzima inaimba noti hiyo. Mtu anayeusikia wimbo huu akiwa anapiga pasi hajui lolote kuhusu mikanda hiyo. Anachojua ni kwamba chumba kimebadilika.

Mwaka 1983 ikaja Yamaha DX7, kinanda cha kidijitali chenye piano ya umeme inayolia kama kengele ya kioo. Sauti yake ilipenya hata kwenye spika ndogo ya redio ya mezani, ambako piano ya kawaida hupotea. Ikaenea upesi, na hapo muziki huu ukapata ugonjwa wake wa kwanza mkubwa: watayarishaji waliacha kutengeneza sauti, wakawa wanabonyeza ile iliyokuja na mashine. Chukua nyimbo za taratibu za 1986, zima sauti za waimbaji, na itakuwa kazi kuzitenganisha nyingi kati yake.

Lugha ya kodi pia ina siri yake, na aliyewahi kuimba kwaya kwa do-re-mi ataielewa mara moja. Katika muziki wa kawaida, kabla ya kurudi nyumbani kwenye do, hupigwa kodi ya so, ti, re, na ile ti huvuta kwa nguvu kwenda do. Watunzi wa muziki huu walipenda kuiacha besi kwenye so, huku mkono wa kulia ukipiga fa, la, do. Ti haipo kabisa. Do imeshafika kabla ya safari kwisha, kwa hiyo kurudi nyumbani hakuna mshtuko, mlango unafunguka bila kugongwa. Ulaini ambao wengi wanaudhani ni wa sauti au wa maneno, kwa sehemu kubwa unatoka kwenye noti hiyo moja iliyoondolewa.

Ulaini mtupu, hata hivyo, huleta usingizi, na dawa yake ilikuwa kupandisha ufunguo kuelekea mwisho, yaani kuuhamisha wimbo mzima uimbwe juu zaidi. Linalofanywa ni rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Mtunzi anaanzia mwishoni: anatafuta noti ya juu ambayo mwimbaji anaweza kuishika kwa mapigo manne bila kukaza koo, anaiweka kwenye kiitikio cha mwisho, kisha anashusha toni moja au nusu ili kupata ufunguo wa kuanzia. Akianzia mbele, akachagua ufunguo unaopendeza kwenye ubeti, atafika mwishoni na kukuta mwimbaji anapiga kelele. Kosa jingine ni kupandisha mara kiitikio cha pili kinapokwisha, bila daraja, yaani kipande tofauti kinachotangulia kiitikio cha mwisho, bila kimya, bila kodi ya kuandaa sikio. Msikilizaji anahisi amesukumwa.

Whitney Houston na mtayarishaji wake David Foster walionyesha linavyofanywa. “I Will Always Love You”, wimbo wa Dolly Parton uliokuwa umeongoza chati ya kantri mwaka 1974, ulitoka upya mwaka 1992 ukianza kwa sauti tupu, bila ala yoyote, kwa muda unaokaribia dakika moja. Kwa mpanga nyimbo hilo ni jambo la kutisha, kwani kwenye redio kimya nyuma ya sauti husikika kama hitilafu. Ala zinaingia moja moja, saksafoni inapita, kila kitu kinashuka mpaka karibu na sifuri. Kisha kimya. Pigo moja la dramu, baada tu ya dakika ya tatu, na sauti inarudi toni nzima juu, kutoka ufunguo wa A kwenda wa B. Wimbo ulikaa kileleni mwa chati kuu kwa wiki 14. Nguvu ya pigo lile inatokana na dakika tatu zilizolitangulia, ambazo hakuna dramu iliyopigwa kwa nguvu kama hiyo. Waigaji walilichukua pigo, wakaiacha subira.

“My Heart Will Go On” ya Celine Dion, ya 1997, ilikwenda mbali zaidi: kutoka E hadi A-flat, nusu toni nne kwa mruko mmoja. Wengi wakiujaribu ukumbini wanaanza kwenye ufunguo wa rekodi kwa kuwa mwanzo wake uko chini na ni mwepesi, na wanaanguka hapohapo.

Kuna doa ambalo sitalipita kimya. Mwaka 1976 kituo cha WHUR cha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kilianza kipindi cha usiku cha nyimbo za taratibu za soul, kikiendeshwa na Melvin Lindsey, kwa jina lililotokana na albamu ya Smokey Robinson ya mwaka mmoja nyuma: Quiet Storm. Mtindo ukasambaa miji mingi ya Marekani. Ulikuwa muziki wa watu wazima kwa kila kigezo, ila ulikaa kwenye vituo vya Weusi, na baadaye ukapewa chati yake. Luther Vandross, fundi wa mistari mirefu na mwitikio uliopangwa kwa uangalifu kama nguo ya harusi, alianza kazi ya peke yake kwa albamu mwaka 1981. Aliongoza chati za R&B mara kwa mara, lakini hakuingia kumi bora ya chati kuu kama mwimbaji wa kujitegemea mpaka 1990, kwa “Here and Now”. Lionel Richie, Sade na Anita Baker walipenya upande wa pili, kila mmoja kwa njia yake. Ila wapanga nyimbo waliodai wanachotaka ni sauti laini tu walikuwa na Vandross mbele yao kwa miaka karibu tisa.

Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano ya Marekani iliondoa kikomo cha vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima, na kampuni moja ikafikia vituo takriban 1,200. Orodha zikaanza kufanana kutoka mji hadi mji, na nyimbo zikakaa muda mrefu usio wa kawaida: “Because You Loved Me” ya Celine Dion ilishika namba moja ya chati ya watu wazima kwa wiki 19 mwaka huohuo, na mwaka 2003 Uncle Kracker na Dobie Gray wakafikisha wiki 28 kwa “Drift Away”. Msikilizaji alikuwa na sababu ya kuhisi kwamba muziki huu umesimama.

Majukwaa ya mtandaoni yameikuza hofu ileile. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30, na kidole kiko juu ya kitufe cha kuruka. Utangulizi wa nyimbo za kumi bora za Marekani, uliokuwa na wastani wa zaidi ya sekunde 20 katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa umeshuka hadi kama sekunde 5 ilipofika 2015. Kupandisha ufunguo kumekaribia kutoweka, na ndiyo maana “Love On Top” ya Beyoncé, ya 2011, inayopandisha mara nne mfululizo, ilisikika kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

Mwaka huohuo Adele alitoa “Someone Like You”, aliyoitunga na Dan Wilson. Rekodi tunayoijua ni ile ya majaribio karibu kama ilivyokuwa: piano moja inayozungusha noti zilezile nne nne, na sauti. Ubeti unakaa chini kwenye kifua, kiitikio kinaruka juu ghafla mpaka sauti inachanika kidogo, na mchaniko huo hawakuufuta. Mwezi Februari aliuimba kwenye tuzo za BRIT akiwa na mpiga piano tu, wimbo ukapanda hadi namba moja Uingereza, na Septemba ukafika namba moja Marekani. Sikio lililozoea nyimbo za miaka 30 linasubiri dramu ziingie kwenye kiitikio cha pili, halafu linazisubiri tena baada ya daraja. Haziingii.